Jina Lililokwama Kabatini

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya Salsabil ilikuwa kufuta vumbi sebuleni. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, ila palikuwa na kabati. Bibi Noor alipenda kusimulia kwamba kabati lile liliingizwa ndani na wanaume kumi na wawili, na mmoja wao hajanyoosha mgongo mpaka leo. Juu yake kulijaa maua ya plastiki, chetezo, saa mbovu na rauta ya waifai.

Jumamosi hiyo Salsabil, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa na haraka ya kwenda kuruka kamba. Badala ya kuinua kimoja kimoja na kufuta, alivikumba vyote akavisokomeza ndani ya kabati, nyuma ya masinia ya shaba. Nyaya za rauta akazipitisha kwenye tundu la nyuma. Juu ya kabati pakang'aa. Akatoka mbio.

Lakini haikuwa siku ya mchezo. Ammi Zahor, baba mdogo wa Salsabil anayeishi ng'ambo, Muscat, alikuwa amepata mtoto wa kiume, na siku ya saba, ya kumpa jina, ilikuwa imefika. Alikuwa amesema jina atalitoa mama yake, Bibi Noor, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa video, saa kumi kamili. Ua wa nyumba yao pale Goba ukajaa wageni, na harufu ya udi ikapanda mpaka kilima cha pili.

Saa kumi kasorobo Bibi akashika tableti. Ammi Zahor akatokea, mdomo wazi, akaganda vivyo hivyo.

"Zahor! Umemeza nzi, baba?" Bibi akapaza sauti.

Wageni wakacheka. Picha ikapotea. Wakapiga tena, ikagoma. Laini za simu nazo, kule bondeni, zilikamata kwa kubahatisha tu.

"Ni Usama huyu!" Bibi akamgeukia mjukuu wake mkubwa. "Umewagawia rafiki zako nywila, sasa wanatumalizia intaneti."

"Wallahi Bibi, mie sijampa mtu!"

"Nyamaza! Toka mbele yangu."

Usama akaenda kusimama getini, macho mekundu. Salsabil akamwonea huruma.

"Bibi, nipe dakika tano nitazame."

"Haya, injinia," Usama akambeza kutoka getini. "Usije ukailipua nyumba."

Salsabil akaazima simu ya Usama. Nayo ilisuasua vilevile, kwa hiyo ubovu haukuwa kwenye tableti. Simu ilionyesha imeunganishwa, kwa hiyo nywila ilikuwa sawa. Ila alama ya waifai ilibaki na mstari mmoja. Akaingia ndani taratibu, macho kwenye simu. Mlangoni, mstari mmoja. Katikati ya sebule, miwili. Akafungua kabati, akasogeza masinia: mistari yote ikajaa!

Rauta ilikuwa imekaa nyuma ya shaba, taa zake za kijani zikiwaka. Aliyeiweka humo ni yeye.

Angeweza kuitoa kimyakimya. Hakuna ambaye angejua. Lakini dirishani alimwona Usama, bado amejiinamia.

Akaipandisha rauta juu ya kabati, mahali pake pa wazi, akatoka uani.

"Bibi, kosa ni langu," akasema mbele ya wageni wote. "Nilikwepa kufuta vumbi, nikaificha kabatini. Masinia yameziba mawimbi. Kaka Usama hana hatia."

Bibi akamtazama Usama kule getini. Kisha tableti ikaita. Ammi Zahor akatokea, safari hii akipepesa macho, kichanga mikononi.

"Mama, tunakusikiliza!"

Bibi akavuta pumzi. "Mjukuu wangu huyu ni Mudathir!"

Vigelegele vikalipuka. Jogoo wa jirani, aliyekuwa kimya wiki nzima, akawika alasiri ile ile, na wapo wanaoapa kwamba Muscat walimsikia bila tableti.

Baadaye Bibi alimwita Usama, akamshika mkono. "Nisamehe, baba. Nilikuhukumu kabla ya kuchunguza." Akamgeukia Salsabil. "Nawe umechunguza hatua kwa hatua, hilo ni jema. Lakini fundi mwongo angeitengeneza rauta na kumwacha kaka yake ameharibiwa jina. Ukikosea, sema. Na kazi uliyopewa, ifanye yote."

"Ndiyo, Bibi."

"Vizuri. Kitambaa kile pale. Anza na maua."