Jina Kuntai Aliloipa Mashine

Kuna jina ambalo sitalitaja hapa, kwa hivyo usikae ukilingoja. Ni la mke wa Kuntai, aliyefariki akijifungua, na kwao Umaasaini marehemu haitwi tena kwa jina. Baada ya mazishi hata mpwa wake huko Isinya, aliyekuwa na jina hilohilo, alipewa jingine. Kuntai alikuwa amesomea kompyuta Nairobi, na akiwa na wenzake mjini aliyacheka mambo hayo. Nyumbani alinyamaza kama wengine.

Jumamosi moja ya mwaka 2007, jua likielekea kuzama, alifika katika ofisi ya kanisa moja pale Kitengela akiwa amemshika mkono binti yake, Naisenya. Mtoto alikuwa na miaka sita na alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya mama yake. Hata mara moja, maskini. Mama huyo ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya, na rekodi pekee iliyobaki ilikuwa ndani ya kanda ya akiba, mojawapo ya zile ambazo ofisi hunakilia kazi zake ili zisipotee. Kompyuta iliyoiandika kanda hiyo ilikuwa imeungua siku umeme ulipopotea na kurudi kwa nguvu.

Phylis, karani wa ofisi, aliwafungulia. Naisenya akainamisha kichwa mbele yake, jinsi watoto wa Kimaasai wanavyowasalimu wakubwa, na Phylis akamgusa utosini.

"Uko mzima, mamangu? Baba Naisenya, kweli hiyo kitu itafunguka?"

"Itafunguka. Leo lazima huyu asikie mama yake."

"Haya. Mimi niko hapo nyuma napanga viti. Ukinitaka, niite."

Basi Kuntai akaanza kazi. Kanda ile ilitaka programu ya zamani, na programu ya zamani haikukubali kompyuta mpya. Kwa hivyo ndani ya kompyuta mpya akatengeneza mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya nyingine. Inafikiri, inaandika, inakumbuka, lakini haina mwili. Huwezi kuishika. Na kwa kuwa haina mwili, haivioni vitu vyenye mwili mpaka ikabidhiwe. Ile mashine ya kusoma kanda, ya chuma, nzito kama tofali, ilikuwa palepale mezani na mashine pepe haikujua kama ipo.

Kabla ya yote, mashine pepe iliomba ipewe jina.

Angeandika "Kwaya." Angeandika "Kitengela." Jamani, neno lolote lingetosha! Lakini mtu aliyefunga mdomo miaka sita ana kiu yake. Kuandika si kuita, Kuntai alijiambia. Na nani atasikia? Vidole vyake vikaandika, herufi baada ya herufi, jina la mke wake.

Kisha akaiondoa mashine ya kanda kutoka kwa kompyuta ya nje, akaikabidhi ile ya ndani.

Krrr...

Kanda ikaanza kuzunguka. Taa ya kijani ikawaka, taa ya kusoma. Na harufu ikaingia chumbani... moshi wa mti wa oloirien, ule ambao wanawake husafishia vibuyu vya maziwa. Mke wake alinukia hivyo kila asubuhi. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Halafu sauti. Moja tu, bila kwaya. Sauti yake kabisa, na ile pumzi ndogo aliyokuwa akivuta kabla ya kila mstari. Kuntai alilia waziwazi, kamasi na yote.

"Huyo ndiye mama yako," alinong'ona. "Sikia, mtoto wangu. Sikia..."

Wimbo ukakatika katikati ya mstari.

"Naisenya."

Kuntai aliganda. Mtoto alipewa jina hilo miezi mingi baada ya mazishi. Mama yake hakuwahi kulijua.

"Naisenya... njoo."

Mtoto akaenda. Akasimama mbele ya kiti kitupu, akainamisha kichwa kwa adabu, akangoja. Shingo yake ikashuka kidogo, kama inavyoshuka unapoguswa na mtu mzima. Alipoinua uso, alikuwa akitabasamu.

"Amenigusa, baba. Mkono wake ni baridi."

Taa haikuwa ya kijani tena. Ilikuwa ya rangi ya machungwa.

Mashine ya kanda ilikuwa inaandika.

"Yeyo," mtoto akasema, akimwita mama. Midomo yake ilicheza, lakini sauti haikutoka kinywani mwake. Ilitoka kwenye spika. Kuntai akaelewa. Kisicho na mwili kilikuwa kimekabidhiwa kanda, na sasa kilikuwa kinamnakili mtoto wake, kidogo kidogo, juu ya wimbo. Akaushika waya wa umeme.

"Baba Naisenya..." Ilikuwa sauti ya mke wake, ile ya usiku wa kwanza, ile ya wodini. "Usinizime. Huku ni giza."

Alimpenda. Mungu anajua alimpenda.

Akauchomoa.

Phylis alikuta Kuntai sakafuni amemkumbatia mtoto. "Mbona kunanuka moshi?" akauliza. Kanda ilijaribiwa tena pale na baadaye kwingine. Haikuwa na kitu, wala wimbo wala sauti. Labda ilifutika waya ulipochomolewa ghafla. Mambo hayo hutokea.

Walirudi nyumbani kwa miguu, upepo wa nyika ukiwapiga usoni. Naisenya alikuwa akiongea vizuri, kwa kinywa chake mwenyewe, na Kuntai alikuwa ameanza kupumua.

"Baba, yeyo alikuwa anaitwa nani?"

Kuntai akafungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa amemwita mara moja na kumfukuza mara moja, angemwitaje tena?

"Siwezi kukuambia, mtoto wangu. Nisamehe."

"Si kitu," mtoto akasema. "Aliniambia mwenyewe. Anaitwa..."

Kuntai akamziba mdomo kwa kiganja. Midomo ile ilikuwa baridi. Na chini ya kiganja, kinywa kikiwa kimefumbwa, mtoto akaanza kuimba polepole wimbo ambao hakuwahi kufundishwa, kuanzia pale mama yake alipoukatiza.

Kuntai alisimama barabarani akilia. Hakuthubutu kuuondoa mkono, na hakutaka wimbo uishe.