Maneno Aliyowabakizia Wenzake

Mvua ilimkimbiza Etuale kutoka barabarani hadi ndani ya soko la Maketi Fou, akajikwaa kwenye ndoo ya muuza maua, Fuatino. Maji yakamwagikia viatu vya wateja.

"Niwie radhi sana, dada mheshimiwa. Nimekukosea."

Fuatino, katika vazi lake la puletasi la kijani, aliinua uso. Sauti hiyo aliijua. Ndiyo iliyosoma taarifa za misiba redioni kila jioni, ikitamka kila t kwa usafi wa kanisani. Pale sokoni, kama nyumbani kwao, watu wakiongea kienyeji t hugeuka k, na hakuna anayemwita mwenzake mheshimiwa.

"Nani kafa tena?" aliuliza binamu yake, Sieni. Meza nzima ikaangua kicheko. Fuatino peke yake hakucheka. Alikuwa ameshanaswa.

Simu za Etuale zikaanza.

"Umeamkaje, kipenzi cha moyo wangu? Natumaini umepumzika vyema."

"Nimeamka. Umekula nini?"

"Nimebahatika kupata kakao ya moto na mkate."

"We Etuale! Ongea kama watu, bwana."

"Je, nimekuudhi?"

Fuatino alicheka kila mara, na kila mara alipokata simu kicheko kiliisha. Kwao, watu wanaopendana hukatizana maneno na kugombania kichwa cha samaki. Lugha ile nzuri ni ya mchungaji na wageni. Mwaka ukapita. Alitamani, hata mara moja tu, Etuale amwambie, "Hebu sogea huko."

Jumamosi moja alimpelekea Etuale palusami ya moto, majani ya magimbi yaliyookwa kwa tui, tui likichuruzika kwenye jani. Kabla hajafika kiwanja cha raga alikochezea, alimsikia.

"Lafaele, mjinga kweli wewe! Leta mpira, kichwa kama nazi!"

Kisha kicheko, kikubwa, cha tumboni, ambacho Fuatino hakuwahi kukisikia. Kumbe lugha ya nyumbani anayo. Ila si ya kumpa yeye. Aliiacha palusami juu ya ukuta akaondoka.

Wiki ile shangazi yake wa Auckland alipopiga tena kumwita akaishi naye, alikubali. Simu za Etuale hakuzipokea. Aliishika simu kifuani ikitetemeka mpaka inyamaze, kisha akaendelea kuishika.

Mwishowe Sieni akaipokea.

"Sikia, kaka. Umemfanya mgeni mwaka mzima. Basi mgeni wako anasafiri Jumatatu."

Etuale alifika sokoni moja kwa moja kutoka studio, shati jeupe, ie faitaga nyeusi, sketi rasmi ya wanaume, imerukiwa na matope. Fuatino hakuacha kufunga maua.

"Mama yangu alinifunza kwamba maneno safi ni ya Mungu na ya watu ninaowaheshimu," Etuale alisema. "Yale mengine ni ya uwanjani. Nilikupa yaliyo bora kuliko yote niliyo nayo, Fuatino."

Mikono ya Fuatino ikasimama. Hakuwa amewahi kuliwaza hilo.

"Mimi nilitaka yale uliyowabakizia kina Lafaele," alisema, akiyaambia maua.

Etuale alifungua kinywa. "Nakuomba kwa unyenyekevu..." Akajipangusa uso kwa kiganja. Wauza magimbi wa meza ya pili walikuwa wameacha kupanga.

"We Fuatino," alisema tena, na sasa sauti ilikuwa imepasuka, t zote zimepotea. "Usiende, bwana. Mi nitakaa na nani? Mbona unanifanyia hivi, lakini?"

Ilikuwa sentensi mbovu, haina mpangilio wala adabu, na mbele za watu. Fuatino aliisikia ikimshuka mwilini kama maji ya moto. Machozi yakamtoka kabla hajayaruhusu. Kwa mguu, alivuta kreti tupu kutoka chini ya meza.

"Kaa hapo, unanizibia wateja," alisema. "Shika uzi huo. Shangazi nitampigia mwenyewe, nimwambie siji."