Siku Noella Alipoacha Njia Panda

Kila Jumamosi, Noella akimaliza kuchota maji na kutwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, alikimbilia mteremko wa Mulongwe. Hapo ndipo watoto wa mtaa walipofanya mashindano ya vigari: mbao tatu, usukani wa kamba na magurudumu ya beringi kuukuu. Ungewasikia tu wanavyoteremka, krrrrr, na mbwa wa mtaa mzima wanabweka!

Noella naye alikuwa na kigari chake. Tangu familia yake ihame kutoka Mutarule, alizunguka kwenye magereji akiomba beringi mbovu mpaka mafundi wakamchoka. Lakini kushindana? Thubutu! Kanuni ya kundi ilikuwa kwamba mgeni asimame kwanza chini, kwenye njia panda. Pikipiki ikija, ainue kitambaa chekundu ili walio juu wasiteremke. Hakuna aliyemweleza uzito wa kazi hiyo. Walimcheka tu na kumwita Nguzo.

"Achille, leo iko zamu yangu?" aliuliza Jumamosi hiyo.

Achille, mkubwa wa kundi, alikuwa tayari amekalia kigari cha Noella. "Weye ungali mugeni. Acha minye mukubwa nikijaribu kwanza. Enda chini, Nguzo!"

Wenzake wakaangua kicheko. Noella alishuka, machozi yakimlengalenga. Kila wiki anaambiwa bado, na sasa hata kigari chake wamekichukua! Alifika njia panda, akatupa kitambaa chini. "Shauri yao," alisema, akaenda kukaa nyuma ya ukuta.

Kule juu, Achille hakuona rangi nyekundu, akadhani njia ni salama. Noella alisikia krrrrr, kisha honi, kisha kishindo.

Alipochungulia, Achille alikuwa amelala kando ya pikipiki, mguu umepinda vibaya. Watu walijaa mara moja. Walimkaba dereva, kijana aliyeitwa Bruno.

"Muuaji! Tuchome pikipiki yake!"

"Nilikuwa napita polepole, wazazi wangu," Bruno alilia, damu ikimtoka puani. Tayari mtu alikuwa anafungua tangi la petroli.

Noella angeweza kunyamaza. Nani angemtaja mgeni? Alitamani kukimbia hadi kwao Mutarule. Lakini alijipenyeza katikati ya watu, akapaza sauti.

"Mumuache! Si kosa lake. Minye ndiye niliwekwa hapa kulinda njia. Nilikasirika, nikaondoka."

Kofi likamtua shavuni. Hata hivyo, walimwachia Bruno, na ni Bruno huyo huyo aliyempakia Achille mpaka hospitali, mtu mzima mmoja akimshikilia nyuma.

Mfupa uliunga vibaya. Daktari alisema Achille atachechemea maisha yake yote. Noella alipopeleka uji hospitalini, aliwakuta watoto wa kundi wamesimama kando ya kitanda. Mama Georgette, mama yake Achille, aliupokea uji.

"Mwanangu, maisha ya mwenzako yalikuwa mikononi mwako, ukayaacha kwa hasira. Hilo litakuuma, na acha likuume. Lakini ulisema kweli mbele ya watu wenye hasira. Bila hivyo, leo tungekuwa tunamzika Bruno."

Kisha akawageukia wengine, na Achille mwenyewe. "Na nyinyi? Kazi kubwa kuliko zote mlimpa mgeni kama adhabu, mkamcheka, na kigari chake mkamnyang'anya. Aibu! Kuanzia sasa kila mtu atasimama chini kwa zamu, na wakubwa ndio wataanza. Mgeni afundishwe na aheshimiwe, maana siku moja atawalinda nyinyi."

Achille aliinamisha kichwa. "Unisamehe, Noella," alisema.

"Na weye unisamehe," Noella alijibu, akashindwa kuzuia machozi.

Mashindano yaliporudi, Noella alikalia kigari chake, kilichokwisha kutengenezwa upya, kwa mara ya kwanza. Chini, Achille aliegemea gongo lake, kitambaa chekundu kikiwa juu. Bruno akapita na pikipiki yake. Noella alikaza breki kwa mguu, akasubiri mpaka kitambaa kikashuka.