Mawifi na Mito ya Kitanda cha Mtoto

Kila asubuhi fundi cherehani alifagia nyuzi za jana, akatia mashine mafuta, kisha akamlaza mwanawe kwenye kitanda kidogo cha fito za mbao, kando ya meza ya kukatia nguo. Mtoto alikuwa na miezi minne na mashavu manene. Kila mtu alimwita Bonge.

Uani, mume wa fundi alitengeneza makochi. Yeye aligonga misumari, mkewe alikanyaga cherehani, na katikati ya kelele zote hizo Bonge alilala fofofo. Nyumba ilikuwa na amani. Tatizo la fundi lilikuwa wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa msusi. Alikuwa na saluni mtaa wa pili, mbele ya nyumba yake. Naye alijifungua wiki moja kabla ya fundi, mtoto wa kike, wakampa jina la utani Kidosho. Tangu hapo fundi hakuwa na raha. Akisikia Kidosho ameanza kucheka, anamtekenya Bonge mpaka naye acheke. Akisikia Kidosho amenunuliwa soksi, Bonge anavalishwa soksi na kofia juu, huku jua linawaka. Maskini mtoto alitoka jasho kwa ajili ya wivu wa mama yake.

Siku moja mama mkwe alipita hapo akitokea kwa binti yake.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Nimetoka kumwona Kidosho. Yaani kitanda chake! Wamekizungushia mito mirefu ya sponji, pande zote nne, imefungwa kwenye fito. Mtoto amelala raha mustarehe." Mama mkwe akamwangalia Bonge. "Na huyu mume wangu na fito zake tupu, utadhani yuko mahabusu."

Fundi alicheka, lakini moyoni roho ilimuuma. Mama mkwe alipoondoka tu, alikwenda uani.

"Baba Bonge, nipe sponji."

"Ya nini?"

"Wewe nipe tu. Ile nene. Ya kukalia."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Nyumba nyingine wangekosa sponji, wakaliacha jambo likapita. Nyumba hii ilikuwa na sponji ya makochi mpaka chini ya meza ya kulia. Fundi alikata vipande vinene mara mbili ya vile vya wifi. Akavivalisha satini ya buluu. Akaweka riboni kumi na mbili za kufungia, ndefu, zenye mafundo ya kupendeza. Kazi ilikuwa safi, hilo tusimnyime. Bonge akawa amezama ndani kama yai kwenye pamba.

Habari zilifika saluni siku hiyo hiyo. Kesho yake wifi akaja mwenyewe kuona. Alishika satini, akabonyeza sponji, akameza mate.

"Wifi, umejua kunikata maini," alisema. "Hii yangu ya dukani nitaitupa. Nishonee na mimi. Tena yangu iwe nene kuliko hii."

"Hamna shida, wifi yangu," fundi alijibu kwa sauti tamu.

Akashona. Lakini alipokuwa anakata sponji, mkono ulikuwa mzito. Akapunguza unene wa kidole kimoja. Nani angejua? Wifi aliichukua ile mito akiwa na furaha tele, na fundi mwenyewe akaenda kumfungia, mafundo mawili mawili ili isilegee.

Siku ya tatu nesi wa kliniki ya watoto alikuja kujaribu sare yake. Huyu ndiye aliyewapima uzito Bonge na Kidosho tangu walipozaliwa. Alisimama mbele ya kioo, mkono mmoja ndani ya sare, mwingine nje. Kwenye kioo akakiona kitanda. Akageuka.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Mito ya pembeni, dada nesi. Nimeshona mwenyewe. Umeipenda?"

"Umeshona vizuri. Sasa itoe."

Fundi alidhani ni utani. Nesi hakuwa anatania. Aliinama, akamtoa Bonge kitandani na kumpakata, sare ikining'inia bega moja.

"Nisikilize. Mtoto wa umri huu anaweza kujiviringisha mpaka pembeni. Lakini kujigeuza arudi, wengi hawajaweza. Uso ukiganda kwenye sponji, pua inazibwa. Au anavuta hewa ile ile aliyoitoa, mpaka inamwishia."

"Lakini bila mito anagonga kichwa kwenye fito!"

"Akigonga atalia. Utamchukua, utambembeleza, yataisha. Akizibwa pua hatalia. Hutasikia kitu, hata ukiwa umekaa hapa hapa kwenye cherehani yako."

Mguu wa fundi ulitoka kwenye pedeli.

"Na hizi riboni," nesi aliendelea, "zinaweza kumzunguka shingoni. Akianza kusimama, atapanda juu ya mto kama ngazi, aanguke nje."

"Na nikishona nyembamba? Ya kitambaa cha wavu?"

"Riboni si zipo pale pale? Usishone kabisa."

"Sasa alale vipi, na mguu wake unatokeza kwenye fito?"

"Ukitokeza urudishe ndani. Mlaze chali kila anapolala, mchana na usiku. Godoro liwe gumu, bapa, lienee kitanda chote bila mwanya pembeni. Shuka moja iliyobana. Hakuna mto, hakuna blanketi, hakuna mwanasesere. Na fito zisiachane sana. Chukua kopo la soda. Likipenya katikati ya fito, kitanda hicho hakifai."

Fundi alichukua kopo akajaribu. Halikupenya. Akashika mkasi mkubwa wa kukatia nguo, akakata riboni zote kumi na mbili. Mumewe alisikia, akaja kubeba sponji kimyakimya kurudisha uani.

Nesi alipoondoka, fundi alikaa chini. Ndipo akakumbuka: Kidosho!

Tusimpambe. La kwanza alilohofia halikuwa uhai wa Kidosho, lilikuwa aibu yake mwenyewe. Wifi atasema nini? Atasema ni kijicho. Mtaa mzima ulijua jinsi mawifi hawa walivyokuwa wanashindana. Nani angemwamini? Alifikiri kumtuma mumewe. Lakini mito ile aliikata kwa mkono wake, akaifunga kwa mkono wake. Alimweka Bonge mgongoni akaenda.

Saluni ilikuwa imejaa. Wateja wanne, na wifi katikati, kitana mkononi.

"Wifi, ile mito niliyokushonea itoe. Ni hatari kwa mtoto. Nesi amenieleza."

Wifi aliacha kusuka. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Ehee! Yangu imependeza kuliko yako, eti?"

Wateja waliangua kicheko. Mmoja alipiga makofi. Uso wa fundi uliwaka moto. Aligeuka, akafika mlangoni. Angeweza kwenda zake. Angeweza kusema, "Mimi nilimwambia, hakusikia." Akasimama, akarudi ndani.

"Ni kweli," alisema. "Nina wivu na wewe. Nilianza siku ulipojifungua kabla yangu. Mama akikusifu, sili. Na ile mito nilikupunja sponji kidole kizima, ili yako isiizidi yangu. Nicheke mpaka mchoke. Lakini ya kwangu nimeikata kwa mkasi leo. Simtakii mabaya Kidosho. Nenda kamwangalie mtoto, wifi. Nakuomba."

Hakuna aliyecheka tena.

"Umenipunja?" wifi alifoka. Kisha akaelewa. Hakuna mwanamke anayejitangazia aibu kama ile bure. Aliingia chumbani na kitana chake, fundi nyuma yake.

Kidosho alikuwa amejiviringisha hadi pembeni. Uso wake umejichimbia kwenye kona ya mto. Wifi alimvuta haraka. Mtoto alikuwa mwekundu, nywele zimelowa jasho. Alikaa kimya kidogo, kisha akavuta pumzi ndefu na kulia. Kwenye satini palibaki duara bichi, pale pua ilipokuwa.

Wifi aliketi sakafuni na mtoto kifuani. Fundi alijaribu kufungua mafundo yake mawili mawili, yakagoma kufunguka. Mteja mmoja alileta mkasi wa saluni. Wakakata pamoja. Baadaye nesi alimkagua Kidosho kliniki, akasema yu salama.

Wiki hiyo wateja wawili wa saluni walitoa mito kwenye vitanda vya watoto wao. Mwingine alikuja kwa fundi akitaka kushonewa mipya. Fundi alikataa kazi hiyo, akamshonea nguo ya kulalia ya mtoto, isiyo na kamba wala kofia, akamweleza sababu kama alivyoelezwa.

Mwezi ulipita. Mama mkwe aliwaalika wote nyumbani kwake. Watoto walilazwa chali, kila mmoja kwenye kitanda chake kilichobebwa kutoka kwao, bila kitu kingine.

"Mnaona binti yangu alivyo na akili?" mama mkwe aliwaambia wageni. "Ni yeye aliyegundua ile mito ni hatari. Bila yeye, sijui na Bonge angekuwaje!"

Wifi aliinamisha kichwa, akafungua mdomo aseme ukweli. Fundi alimwahi. Roho ilimchoma kama zamani, tena zaidi. Aliwatazama Bonge na Kidosho, vifua viwili vidogo vikipanda na kushuka.

"Kweli, mama," alisema. "Wifi yangu ana akili sana."