Vifungo Mkono wa Kuume

Jumamosi alasiri, Kianjai.

Mithika alifunga mlango wa chumba cha nyuma, dukani kwa Nelius, akatandaza sweta mezani.

"Hii itatufunga," alisema. "Ama itatutoa."

Kibali chake cha kuingiza nguo nchini kilitaja sweta za sufu za kiume. Lori lilijaa za kike, kama hiyo ya mezani. Ofisa wa ushuru alilikamata Embu, akachomoa sweta moja iwe sampuli, akaifungia kwenye kabati la bohari. Jumatatu ingepelekwa Nairobi. Ikithibitika ni ya kike, lori lote linakwenda na Mithika anaingia ndani.

"Watajuaje?" aliuliza Njue, dereva na fundi wa kufuli. "Sweta si ni sweta?"

"Vifungo. Ya mwanaume viko mkono wa kuume. Ya mwanamke, kushoto." Alimgeukia Nelius, ambaye mashine yake ya kufuma ilijulikana Tigania nzima. "Nifumie kama hii. Sufu hii, rangi hii. Vifungo kuume. Kesho tunabadilisha."

"Kuume, kama Yesu kwa Baba," Nelius alisema. "Nimesikia, mzee."

Njue hakucheka. Mlinzi wa bohari lile alikuwa Gitari, kaka yake, aliyemlea tangu mama yao afe.

"Na Gitari?"

"Atalala tu. Mpelekee chai, dawa hii hapa. Akiamka, sweta iko palepale. Nani atauliza?"

Moyo wa Njue ulikataa. Mkono ukapokea.

Jumapili, saa ya ibada, Embu.

"Wewe kuniletea chai?" Gitari alicheka, ameketi ndani ya mlango wa bohari. "Leo kutanyesha!"

Alikunywa yote. Akalalamika sukari imezidi, akamshukuru Mungu kwa ndugu mwema. Njue alitamani ardhi immeze. Kaka yake alipoanza kukoroma, akawapungia wenzake mkono.

Ng'ambo ya barabara waumini waliimba kwa nguvu. Mithika aliingia na kopo la petroli.

"Ya nini hiyo?"

"Fungua kabati, Njue."

Kufuli ya kabati haikumsumbua. Nelius aliitoa sampuli, akailaza mezani kando ya sweta yake mpya. Wote watatu wakainama.

Vifungo vya sweta zote mbili vilikuwa upande uleule.

"Nelius," Mithika alisema polepole. "Nilisema kuume."

"Na hii si kuume?" Aliweka mkono wake wa kulia juu ya vifungo.

"Kuume kwa anayevaa, we mama!"

"Hukusema kwa nani! Ilikuwa mezani, mimi naitazama. Hata ile yako ilikuwa hivyo hivyo, nikajua ndiyo mfano."

Njue nusura aangue kicheko. Kisha Mithika akafungua kopo.

"Hakuna sampuli, hakuna kesi."

"Kuna mtu hapa!"

"Ndiyo. Na alikunywa chai ya nani? Sweta ingebadilika, hakuna ambaye angeuliza kitu. Moto utaulizwa. Akiamka atakutaja wewe, na wewe utanitaja mimi."

Nelius alitoka mbio, kitambaa cha kichwa kikabaki sakafuni. Mithika alikuwa akimwaga petroli kwenye marobota ya nguo nyuma ya bohari. Njue hakufikiri. Alimshika Gitari kwapani, akamburuta hadi nje, akausukuma mlango na kubana kufuli kubwa.

Mlango ulitikisika.

"Njue! Fungua! Mimi na wewe tumekula sahani moja!"

Kiberiti Mithika alikuwa nacho, lakini sasa huo moto ungemteketeza yeye mwenyewe.

Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa Njue. Barabara ya Ishiara ilikuwa tupu. Angekuwa mbali kabla ya sala ya mwisho. Lakini Gitari alipumua kwa shida, midomo imekauka, na Njue aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa polisi. Alichota maji kwenye pipa akammwagia usoni. Tena. Tena.

Gitari alifumbua macho. Alitazama mlango unaogongwa. Akanusa petroli. Akamtazama mdogo wake.

"Ile chai, Njue."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Gitari hakumtukana. Heri angemtukana. Alimshika kifundo cha mkono, akakaza kama alivyokuwa akimshika zamani wakivuka mto, na kwa mkono wa pili akatoa filimbi mfukoni, akaipuliza. Kanisani wimbo ulikatika. Watu wakaanza kutoka.

Njue angeweza kujinasua, maana dawa ilikuwa bado imelegeza mkono wa Gitari. Hakuuvuta mkono wake.