Mkoromo Nyuma ya Dashibodi

"Nyigu, kata ku... krrr... lori li... krrr... krrr..."

Redio ya gari ikakoroma. Nyigu akakanyaga breki.

Njia panda. Kushoto, barabara ya viwandani. Kulia, daraja.

"Rudia, Mkuu. Nikate wapi?"

Krrr. Krrr. Krrr.

Akakata kulia. Akakosea.

Lori la Isuzu alilokuwa akilifukuza likayeyuka saa nne asubuhi, jua likiwaka. Mara ya tatu wiki hiyo. Lilibeba magunia ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, yaliyooza ng'ambo na kuingizwa kwa magendo. Watoto tisa walikuwa wameshazikwa.

Nyigu alikuwa mwanamke aliyeshafukuzana na wauza bunduki na wauza sumu, na usiku akalala usingizi wake. Hawa wa maziwa walimnyima usingizi.

Redio ya gari lake ilikuwa ya muziki na taarifa ya habari tu kwa aliyeitazama kwa nje. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, iligeuka sikio na mdomo wa Idara ya Upelelezi. Simu zilipigwa marufuku katika kazi hii, kwa kuwa wahalifu walikuwa wakizidukua. Redio ikiharibika, Nyigu alikuwa kiziwi.

Akaingia gereji ya fundi umeme wa magari, mzee waliyemwita Waya.

"Redio inakoroma, fundi. Tangu Jumatatu."

"Zima injini, mwanangu."

Akazima. Mkoromo haukuzimika.

"Basi si plagi wala jenereta. Ingekuwa hizo, kelele ingekufa na injini." Mzee akaichomoa redio, akapapasa waya wa eathi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari. Skrubu imekaza, haina kutu. Akachomoa antena. "Sasa sikiliza. Redio isiyo na antena huvuma mfululizo, kama upepo. Hii inagonga kwa mapigo."

Krrr. Kimya. Krrr. Kimya.

"Maana yake?"

"Kuna kitu kinaongea jirani yake."

Akazamisha mkono nyuma ya dashibodi mpaka kwenye kiwiko. Ukatoka na kijisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti, kimeunganishwa kwenye waya wa moto, ule unaoipa redio umeme.

"Kinatangaza ulipo. Nani alifungua gari lako?"

Jumatatu, msimamizi wa karakana ya Idara alikuwa amechukua funguo mkononi mwa Nyigu kwa tabasamu. *Niachie nikukagulie, shemeji. Usalama kwanza.* Mume wa dada yake wa tumbo moja. Jioni ile walikula sahani moja.



"Kikulacho, mwanangu..." mzee akaanza. Akamwona uso, akashika koleo. "Nikate waya?"

"Ukikata, watajua. Kina betri yake?"

"Kinayo. Itakaa saa kadhaa."

Mlangoni, lori la taka lililotengenezewa taa lilikuwa likiondoka kwenda jalalani, upande wa pili wa mji. Mzee akakikata kijisanduku, Nyigu akakibandika kwa utepe chini ya bampa la lori hilo.

Mzee akairudisha redio na antena, Nyigu akabonyeza vitufe viwili. Sauti ya Mkuu ikaja safi kama maji ya mtungini.

"Nilisema kata kushoto! Lori limeingia ghala la kijani, nyuma ya kiwanda cha sabuni."

"Nipe dakika ishirini. Halafu tuma vijana."

Ghalani, harufu ilimpokea kabla ya mlango. Kali, chachu, kama matapishi yaliyofungiwa chumbani. Ndani, wanaume wanne walikuwa wakiponda mabonge ya maziwa yaliyoota ukungu, wakichekecha funza, wakichanganya na wanga, wakijaza kwenye makopo mapya. Kila kopo lilikuwa na picha ya mtoto anayecheka.

Kando alisimama mgeni mwenye shehena. Walimwita Glavu, kwa kuwa hakugusa bidhaa yake bila glavu.

Na shemeji. Anatazama simu, anacheka.

"Yuko jalalani! Mwacheni anuse huko."

"Hata huku kunanuka, shemeji."

Wakageuka. Beretta, bastola ya Nyigu, ilikuwa imeshainuka.

Glavu akachomoa bastola kotini.

Paa!

Bastola yake ikaanguka kwenye unga, naye akaifuata, ameshika bega. Wapondaji wakainua mikono.

"Shemeji," mume wa dada akasema, midomo imekauka, "haya tuyamalize kifamilia."

"Unawanywesha watoto wachanga uozo huu?"

"Watoto wa watu! Wangu hawagusi hata tone. Naapa. Muulize dada yako."

Alilisema kama utetezi. Kama sifa.

Nyigu akachota kijiko cha unga, akakipeleka mdomoni mwa shemeji. Yule bwana akageuza uso, akaziba pua kwa kiganja.

Nyigu alitamani kumtemea mate. Akaona mate yake yana thamani. Akamfunga pingu, akaikaza mpaka ikalia.

Nje, magari ya Idara yakafunga breki. Nyigu akawapisha vijana, akanawa mikono bombani mara tatu. Marufuku ya simu ilikuwa imeondolewa. Simu yake ikaita.

"Mdogo wangu," dada akasema, "shemeji yako simpati. Hamjaonana?"

"Tumeonana."

"Mzima?"

"Hana hata mchubuko."

"Afadhali. Ananichelewesha, chakula kiko mezani."

Nyigu akavaa miwani ya jua.

"Leo usimpakulie, dada. Kaa hapohapo, nakuja kukueleza mwenyewe."

Akakata simu. Akaenda zake, bila kugeuka nyuma.