Mashine ya Marehemu

Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu haya. Wengine watakusimulia ya kusikia tu. Nilikuwa nasafisha viyoyozi katika chumba cha seva, na rafiki yangu, fundi wa kompyuta, alikuwa anapunguza ukubwa wa mashine pepe, zile kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine. Moja ilikuwa ya fundi aliyemtangulia, marehemu sasa. Rafiki yangu alirithi kiti chake, kisha akamwoa mjane wake. Mafaili ya marehemu yalishafutwa zamani, lakini mashine yake bado ilikuwa imeikalia diski. Dawa yake ni kujaza sifuri kila palipoachwa wazi, halafu kuikamua.

"Leo namfuta mpaka kivuli," akasema.

"Ndugu yangu, unamwonea wivu maiti?"

"Maiti gani anayesifiwa mezani kwangu kila siku? Mke wangu akiota, anamtaja yeye."

Akabonyeza. Sifuri zikajaa, diski ikanywea, naye akacheka peke yake. Hapo taa zikazimika, tukabaki gizani na mvumo wa feni. Simu ya ukutani ikalia. Akaifungulia sauti, nami nikasikia mkewe akihema.

"Mume wangu, nani kakwambia lile jina?"

"Jina gani?"

"Umenipigia sasa hivi kwa simu yako, ukaniita nalo. Jina lile alilijua marehemu peke yake."

Rafiki yangu akanigeukia.

Nikiri jambo moja: giza nimelitia mimi, hadithi ikolee. Taa zilikuwa zinawaka, na simu ya rafiki yangu nilikuwa nimeishika mimi tangu tuingie, imezimwa.